Vicheko vya Kubandika

Malkia alikuwa anakufa kwa sumu, na Mama Vifungo akasema zipu inaonekana.

"Hebu itazame hiyo, chini ya kwapa," alimwambia mumewe bila kugeuza shingo. "Wanatuambia ni miaka mia tatu iliyopita, halafu mtu kavaa zipu ya nailoni. Na huyo mjakazi anayelia, kola yake imepigwa pasi ya umeme. Ya makaa haikai hivyo hata siku moja."

"Mke wangu, mtu anakata roho, wewe unaangalia zipu."

"Akate, lakini akate amevaa vifungo."

Malkia akafa. Kasri zima likalia, na Mama Vifungo akatikisa kichwa kwa kulisikitikia lile gauni.

Miaka ishirini na tisa alikaa katika chumba cha kumalizia cha kiwanda cha sare, akitoboa vitundu na kushona vifungo vya makoti ya wauguzi, askari na watoto wa shule, mpaka mtaa mzima ukasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alipostaafu, macho yake yaligoma kustaafu naye. Shati la jirani likipita dirishani na kifungo kimoja kinaning'inia, alikuwa radhi kumkimbilia mwenyewe barabarani na sindano mkononi. Tamthilia za kale alizipenda kwa sababu zilikuwa na nguo nyingi, na alizipenda zaidi kwa sababu nguo hizo zilikuwa na makosa. Hadithi yenyewe, nani kamsaliti nani na nani ni mtoto wa siri wa mfalme, aliifuata kwa sikio moja tu.

Mumewe alikuwa mtu wa vichekesho. Maisha yake yote ya kazi alizunguka nyumba za watu akisoma mita za maji, na kila mtu alimwita Mzee Mita, hata mkewe alipokuwa na hasira naye. Saa kumi jioni kulikuwa na kipindi chake cha nusu saa, kisa cha shemeji mvivu aliyekuja kutembea siku mbili akahamia moja kwa moja. Mzee alikicheka mpaka anashika mbavu. Saa kumi na nusu rimoti ilibadilisha mikono, ikawa zamu ya makasri na magauni. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano ya nyumba ile, na yaliheshimiwa kuliko ahadi nyingi za ndoa.

Mama Vifungo hakuona cha kuchekesha katika kisa cha shemeji. Mtu mzima anaanguka kutoka kwenye ngazi, watu wanacheka. Mama mkwe anaingia bila kubisha hodi, watu wanacheka. Na hao watu wenyewe ndio walimkera zaidi, umati usioonekana unaoangua kicheko kila baada ya maneno mawili.

"Ni vicheko vya kubandika hivyo," alikuwa akisema. "Wananichekea kabla sijaamua kama inachekesha."

"Hao ni watu wamekaa ukumbini, wanatazama kwa macho yao."

"Ukumbi gani huo hauna hata mtu mmoja wa kukohoa?"

Mzee angecheka na hilo pia, maana mkewe alimchekesha kuliko televisheni, ila mkewe mwenyewe hakuwahi kulijua hilo vizuri.

Hayo yalikuwa ya mwaka jana, Mzee akiwa bado mzima. Kiharusi kilimkuta Mzee bafuni asubuhi, sabuni ingali shingoni. Alirudi kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake, na maneno yote yamemwishia. Macho yake yaliwafuata watu wakipita chumbani, lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba yanawaona. Mama Vifungo alimlisha, akamwogesha, akamfunga shati, akamsemesha asubuhi mpaka jioni. Ilikuwa sawa na kuusemesha ukuta, na usiombe uyajue machungu ya kuusemesha ukuta uliozaa nao mtoto.

Mwezi wa tatu tangu atoke hospitali, saa kumi na dakika chache jioni, shemeji mvivu akatumbukia kwenye pipa la maji. Mzee akacheka.

Mama Vifungo alikuwa anakunja shuka. Likamponyoka. Akaja mbio, akapiga magoti mbele ya kiti, na Mzee akacheka tena, kicheko chake kilekile cha zamani kinachoanza puani na kuishia kwenye kikohozi. Jioni hiyo alimpigia simu mwana wao wa pekee, fundi wa lifti katika mji wa mbali, akashindwa hata kumsalimia.

"Baba yako yumo!" alisema. "Yumo ndani, mwanangu. Anasikia kila kitu. Anacheka pale pa kucheka!"

Toka siku hiyo vichekesho vikatawala nyumba. Mama Vifungo, aliyekuwa akivibeza, alivitafuta kila stesheni, asubuhi na jioni, vipya na vya marudio. Magauni akayasamehe. Alikaa kwenye kigoda kando ya kiti, uso ameuelekeza kwa mumewe, na kila Mzee alipocheka yeye alimpapasa goti na kumwambia, "Ndiyo, baba watoto, nimeona." Hakuwa ameona kitu. Kwa miezi mitano aliitazama televisheni kupitia uso wa mtu mwingine.

Kila Jumanne alikuja binti wa mazoezi kutoka hospitali, kumnyoosha Mzee viungo. Alikuwa msichana mpole, asiye na haraka, mwenye koti jeupe ambalo vifungo vyake viwili Mama Vifungo alikuwa ameshavirudishia. Jumanne moja akaleta habari. Hospitali ilikuwa inapitia majina ya wagonjwa wa nyumbani. Mgonjwa anayeelewa ataendelea kufundishwa kusema na kutembea. Asiyeelewa, mwenzake atafundishwa namna ya kumgeuza kitandani asipate vidonda, na hapo wataagana.

"Wiki ijayo nitakuja na karatasi ya kujaza," alisema binti. "Nitahitaji kuona anavyoelewa, mama."

"Njoo saa kumi jioni," Mama Vifungo akamjibu, roho kwatu. "Utaona mwenyewe."

Juma lile alimshonea mumewe shati jipya la buluu, vifungo saba vya mbele na viwili vya mikono. Siku ya siku akamnyoa, akamchana, akamweka mbele ya televisheni kama mtoto anayepelekwa kupigwa picha. Binti alipoingia, kipindi kilikuwa kinaanza. Shemeji akasema neno, umati ukaangua kicheko, na Mzee naye huyo, puani kisha kikohozini. Shemeji akajikwaa kwenye zulia, Mzee akacheka tena.

"Umeona?" Mama Vifungo akasema. "Andika, mwanangu. Andika hapo."

Binti alitabasamu lakini kalamu haikusogea. Alikuwa anamtazama Mzee kwa makini, kichwa amekiinamisha kidogo. Halafu akaomba rimoti, akazima sauti.

Kwenye skrini shemeji alijificha kabatini, mama mkwe akafungua, kabati zima likawaangukia wote wawili. Sehemu hiyo Mzee aliwahi kuisimulia juma zima alipokuwa mzima, akiigiza kabati kwa mikono yote miwili. Sasa aliitazama mpaka mwisho, mdomo umelegea, na uso wake haukubadilika.

"Umezima sauti!" Mama Vifungo akang'aka. "Hata mimi nisingecheka. Mtu atacheka nini, midomo inayochezacheza?"

"Kweli, mama. Tujaribu na sauti basi."

Binti akairudisha sauti. Kisha akachukua kitambaa cha meza, akakitandika juu ya televisheni, skrini yote ikafunikwa. Ikabaki sauti tupu. Shemeji alisema jambo, mama mkwe akamjibu, Mzee kimya. Umati ukacheka, Mzee akacheka. Wakaongea tena, Mzee kimya. Umati ukacheka, Mzee akacheka. Mara nne, mara tano. Mwishoni lilikuja tangazo la sabuni ambalo ndani yake watoto wanacheka wakirushiana mapovu, na Mzee akawachekea na hao.

Hakuna aliyemweleza Mama Vifungo. Hakuhitaji kuelezwa. Mwanamke aliyeiona zipu chini ya kwapa la malkia alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye jambo hili kwa miezi mitano, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika nyumba ile kusema kwamba vicheko vile vimebandikwa. Alikuwa anajua. Alijinyima kujua, na nani wa kumlaumu?

"Anaitikia kicheko cha watu, mama," binti alisema taratibu. "Ni kama mtu anavyopiga miayo akimwona mwenzake. Haimaanishi hapati raha. Labda anapata."

"Ananijua mimi ni nani?"

Binti akamtazama usoni. "Sidhani, mama. Nisamehe."

Akaandika alichopaswa kuandika. Akamwonyesha jinsi ya kumgeuza ubavu, mto ukae wapi, kisigino kiinuliwe vipi. Mama Vifungo aliyafuata yote kwa utulivu, akarudia alipoambiwa arudie, akamsindikiza binti hadi mlangoni na kumshukuru. Aliporudi, zamu ya magauni ilikuwa imeanza nyuma ya kitambaa cha meza. Mtu fulani wa kale alikuwa anamlilia mtu fulani. Akaizima.

Akavuta kigoda, akaushika ule mkono wa kushoto, ulio mzima.

"Baba watoto," alisema. "Unamkumbuka yule mbwa?"

Kilikuwa kisa chao. Mzee akiwa kijana aliingia ua wa watu kusoma mita, mbwa akamkimbizia chooni na kumzuia humo saa tatu nzima, na mwenye nyumba aliporudi akamkuta amepanda juu ya pipa la humo chooni, anamsomea mbwa namba za mita kwa sauti ili ampumbaze. Alikisimulia kwenye harusi yao, kwenye ubatizo wa mtoto, kwenye misiba. Mama Vifungo hakuwahi kukisimulia hata mara moja, kilikuwa mali ya mwenziwe. Sasa alikisimulia chote, namba kwa namba, akabweka panapobwekwa. Alikuwa hodari. Mtu yeyote angecheka.

Mzee alimtazama. Aliutazama mdomo wake, kisha dirisha, kisha mdomo tena.

Mama Vifungo akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kichungu, cha mtu aliyejiona amebweka mbele ya asiyemjua. Na papo hapo Mzee naye akacheka, puani kwanza, kikohozi kikafuata.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa mwana wao.

"Mama, shikamoo. Wamesemaje?"

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa ameyapanga maneno tangu binti alipofunga mlango. Atamwambia kweli. Atamwambia njoo, peke yangu siwezi, mgongo wangu hauwezi kumgeuza mtu huyu mara nane kwa siku. Alitaka mtoto wake aje kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Nimeomba likizo," mwana akaendelea. "Bosi kanipa wiki tatu kuanzia Ijumaa. Nilikuwa na wasiwasi, mama, usiku silali. Wamesemaje? Baba anaelewa?"

Mama Vifungo akakitazama kile kitambaa juu ya televisheni.

"Mama? Bado anacheka?"

"Anacheka," alisema. Hilo angalau lilikuwa kweli.

"Niwekee nimsikie. Tafadhali, mama. Kidogo tu."

Akaiweka simu sikioni mwa Mzee. Televisheni ilikuwa imezimwa, chumba kimya. Mzee alikuwa anatazama dirisha, na upande wa pili mtoto alikuwa anaita, "Baba? Baba, ni mimi." Mama Vifungo akageukia ukutani, akaziba mdomo nusu kwa kiganja, akacheka. Alicheka chini kwa chini, kicheko kisicho na sababu wala furaha. Mzee akamsikia, akamwachia mwanawe kicheko kirefu sikioni.

Aliporudisha simu kwake, mwana alikuwa analia.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa. Ah, mama, umenitua mzigo. Basi ngoja, likizo hii niisogeze mbele. Huku kuna lifti tatu zimesimama, wananing'ang'ania. Kama baba yuko hivi, nitakuja mwezi wa kumi na mbili nikae naye vizuri. Ni sawa?"

Alikuwa bado na nafasi ya kusema. Neno moja lingetosha, na alilijua neno lenyewe. Lakini alikuwa ameshaisikia sauti ya mtoto wake ikiwa na furaha, na hakuwa na nguvu ya kuinyang'anya.

"Ni sawa, mwanangu," alisema. "Fanya kazi yako."

Simu ikakatika. Mama Vifungo akaketi, akakilaza kichwa kwenye goti la mumewe, na kilio alichokizuia tangu saa kumi kikamtoka kwa nguvu, mabega yakimtikisika, pumzi ikikatika na kurudi. Juu yake Mzee aliisikiliza kidogo sauti ile, kisha akaanza kucheka naye.