Hadithi Isiyokuwa na Kaburi

Ipo asubuhi moja, mwanangu, masika yalipokuwa yanakaribia, ambayo mpaka leo naikumbuka. Nilitoka jikoni nikamkuta baba mkwe wangu ameshika msumeno. Mtini uliokuwa nyuma ya jiko alikuwa ameukata matawi karibu yote.

Mtini ule aliupanda mwenyewe. Alipewa kipande cha tawi na jamaa yake wa Kahe, akakiotesha kwenye ndoo iliyotoboka, kisha akauhamishia pale ukutani panapopata jua, maana kwetu Marangu baridi na mvua huozesha tini kabla hazijaiva. Matunda yalikuwa machache na ndege walikuwa wengi. Mlinzi wake alikuwa binti yangu mkubwa, Aikande. Aliyafunga matunda kwa vipande vya chandarua kuukuu, halafu yeye mwenyewe akayala mabichi, midomo ikamwasha kwa utomvu.

Aikande alifariki kwa homa ya mapafu. Tulimteremsha hospitali Moshi tukiwa na matumaini, tukampandisha kurudi nyumbani akiwa kwenye jeneza. Tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sitajaribu kukueleza.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya msiba nikaanza kuandika riwaya ya watoto, ya kwanza maishani mwangu. Ndani yake msichana aitwaye Aikande anapanda mlima na mbwa wake. Hachoki, haumwi, haogopi kitu. Kila nilipofika mwisho niliongeza sura nyingine, kwa kuwa kumaliza kitabu niliona ni kumzika mara ya pili. Na mdogo wake, Ndeshi, kila alipomtaja dada yake nilimkatiza. "Nenda ukacheze," nilimwambia. Mtoto akakonda. Chakula akawa anakichokonoa tu.

Basi asubuhi ile nilipouona mti, nilipiga kelele.

"Baba, umeuua mti wa mwanangu!"

Nikakaa chini palepale kwenye matope, nikalia. Mzee aliuweka msumeno pembeni, akaningoja.

"Mama Aikande," alisema. Watu wengine walikuwa wameacha kuniita hivyo, kwa huruma, wakaniita Mama Ndeshi. Yeye hakuacha. "Matawi yale yalikuwa yameoza. Mtini huzaa kwenye tawi jipya. Ila nashukuru leo nimekusikia ukilia. Tangu mazishi hujalia."

Nilijifuta matope mikononi.

"Jana Ndeshi aliniomba nimsomee zile karatasi zako," akaendelea. "Unajua aliniambia nini? 'Babu, huyu si dada. Dada alikuwa anaogopa mbwa. Na mbona hakuna kaburi? Kaburi mimi nimeliona.' Sasa wewe unamwandikia nani, mwanangu? Aliyekwenda hasomi. Aliyebaki anasoma, naye anadhani umemsahau dada yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Niliingia ndani kwa hasira. Siku kadhaa nilimpa mzee chakula chake bila kumtazama usoni. Maneno ya kweli, mwanangu, hayakuachi hata ukiyafungia mlango. Jioni moja tukipika ndizi nikamuuliza Ndeshi, "Dada yako alikuwa anaogopa nini kingine?"

Alinitazama kwanza, kama anayehofia kugombezwa.

"Ngurumo," akasema taratibu. "Na tini mbichi alikuwa ananipa mimi nionje kwanza, kama inawasha."

Tulicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na ndizi zikaungua.

Nikaandika upya. Aikande wa kitabuni akaogopa mbwa, akaugua, akafa, na mdogo wake akalazimika kurudi shuleni peke yake. Mzee alisikia nusu tu ya hadithi. Alifariki kabla sijaimaliza, tukamzika karibu na mjukuu wake. Wachapishaji wakanirudishia mswada, wakasema watoto hawapendi kuhuzunishwa. Haukuchapishwa. Na mtini wenyewe ulichipua kidogo, mvua za mwaka ule zikaozesha mizizi, ukakauka. Lakini Ndeshi alisoma ukurasa kwa ukurasa, akaanza kula, akaanza kumtaja dada yake bila kuniangalia usoni kwanza. Sikwambii alipona kabisa. Leo ni mama wa watoto, na bado mvua kubwa ikinyesha hukaa kimya.

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyelowa hukaushwa. Ukifiwa, usiwanyamazishe watoto wa nyumba. Mtaje marehemu kwa jina lake, pamoja na woga wake na vituko vyake. Na ukijaliwa kuwaandikia watoto, usiwadanganye juu ya jambo waliloliona kwa macho yao. Watakustahi, ila hawatakuamini tena.

Mungu akuepushe na msiba wa mtoto. Na kama hautaepukika, akupe machozi ya kutosha, na mtu wa kulia naye.