Pete Iliyohakikiwa Kwenye Daftari

Asubuhi ya Jumanne, Bi Namba alikipaka sabuni kidole chake cha pete, akaivuta pete mpaka ikatoka, na ndani yake akasoma 416. Namba ndogo kama mayai ya chawa, kwa wino mweusi, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, povu likimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Mwandiko ule angeutambua hata gizani. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake katika ghala la makumbusho ilikuwa kuvipa namba vitu vya kumbukumbu ambavyo watu walivitoa: pete, vikuku, saa zilizokufa, hereni zilizopoteza wenzao. Hupaka tone la vanishi upande usioonekana, husubiri likauke, kisha huandika juu yake kwa kalamu yenye ncha ya sindano, pumzi ameibana, na kufunika kwa vanishi nyingine. Kuifuta ni shughuli pevu. Wenzake ndio waliompa jina la Bi Namba, wakidai kwamba hata malaika wa mauti akija atapewa namba kwanza, ndipo mambo mengine yaendelee.

Ghalani kuna sharti: vua pete zako kabla hujagusa kitu, maana pete hukwaruza pete. Zako unaziacha kwenye kisahani cheupe mlangoni. Wiki tatu nyuma, 416 ilikuwa imeachwa ikauke juu ya kisahani kingine, pacha kabisa wa kile cha mlangoni, simu ikaita, Bi Namba akaambiwa kwamba binti yake ameanguka shuleni na mkono umevunjika. Mama gani angesimama akague visahani? Alikwapua pete, akaisokomeza kidoleni huku anakimbia. Kesho yake fundi wa maonyesho alikuta pete moja tu ya fedha imebaki. Maonyesho yalikuwa yanafunguliwa saa nne, naye hakuigeuza wala hakuchungulia namba. Akaishona kwa uzi kwenye kitambaa cheusi, akafunga kioo.

Kwa hiyo pete ya marehemu mama yake, aliyomvua kwa mkono wake siku ya mwisho, ilikuwa ikitazamwa na wapita njia, na yeye alikuwa akifua nguo na pete ya mke wa mtu kidoleni. Tena ilikuwa inambana, na kwa kuwa tangu maonyesho yafunguliwe alishinda mezani na daftari lake, hakuwa ameivua hata mara moja! Mumewe alimwambia amenenepa, naye, mjinga wa watu, akaukubali unene.

"Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga?" mumewe aliuliza alipomwona akizunguka jikoni.

Akamweleza. Mumewe akafunga vifungo vya mkono wa shati taratibu, akifikiri.

"Jumatatu si mnafunga mfute vioo? Na funguo unazo. Badilisha, urudi nyumbani. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Nikiwaambia ukweli je?"

"Uwaambie nini, mke wangu? Kitu cha makumbusho kimetoka getini kwenye kidole chako. Hilo lina jina gani?"

Jina lake wote wawili walilijua. Mwaka juzi mfanyakazi mwenzake mmoja alifukuzwa kazi kwa kutoka na shanga tatu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mumewe, na ndilo lililomnyima utulivu siku nzima, akafungua droo na kusahau alichofuata, akamwaga chai mara mbili. Mwenye 416 alikuwa hai. Alikuwa seremala mstaafu aliyeileta pete ya mkewe kwa hiari yake, na kila Jumatano alikuja kuitazama. Jumatano ya kwanza aliwaambia walinzi, "Hii siyo." Wakacheka. Ya pili akaandika malalamiko kwenye kitabu cha maoni, na mkuu wa idara akamletea Bi Namba kitabu ajibu. Bi Namba, kikombe mkononi, alifungua daftari lake, akaona 416, pete ya fedha, imetolewa na seremala, akaandika: "Tumehakiki. Ni yenyewe." Hata kwenye kiti hakuinuka. Kutoka pale mpaka kwenye kioo ni hatua arobaini.

Jumatano ikafika. Pete alikuwa ameirudisha kidoleni, mahali pekee ambapo haingempotea. Tangu asubuhi alikuwa akienda ukumbini na kurudi, mpaka mlinzi akamuuliza kama tumbo linamsumbua. Saa tano mzee akaingia, shati limenyooshwa, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuja kugombana." Akatabasamu kwa aibu. "Nimekuja kuomba radhi. Mmehakiki, mmesema ni yenyewe. Pete nilimvisha mke wangu mimi mwenyewe, nimeuona mkono ule miaka arobaini na miwili, na sasa naitazama siijui. Binti yangu anasema kichwa kimeanza kuniaga. Mwisho wa mwezi ananihamishia kwake nisije nikaunguza nyumba. Randa na misumeno yangu ameshavigawa. Nilikataa, lakini sasa nimekubali."

Bi Namba alipiga hesabu. Jumatatu angebadilisha, na Jumatano mzee angekuja, angeiona pete ya mkewe, angeijua, na angerudi nyumbani na hakika kwamba wiki zote zile akili yake ndiyo iliyopotea. Hakuna ambaye angemwambia vinginevyo mpaka kaburini.

Akaishika pete kidoleni akaivuta. Haikutoka. Mbele ya mlinzi na wageni akakitia kidole mdomoni, akakilowesha mate kama mtoto, akaivuta tena mpaka ngozi ikachubuka.

"Hukukosea, mzee wangu. Ni hii hapa. Mimi ndiye niliyekosea."

Mzee aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha dole gumba ukingoni polepole, likasimama kwenye kibonyeo kidogo.

"Hapa," alisema. "Mlango wa kabati. Nilimtengenezea mimi, ukambana." Kisha akainua macho, na hayakuwa na upole tena. "Uliandika mmehakiki."

"Nilihakiki kwenye daftari."

"Kwenye daftari."

Mlinzi alikuwa ameshakwenda kumwita mkuu wa idara, na vishindo vya viatu vilisikika koridoni. Mzee akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akaisukuma mkononi mwa Bi Namba.

"Huyo ni binti yangu. Mwambie wewe."

"Baba?" sauti ilisema simuni, ya mtu aliyechoka. "Umepotea tena?"

"Si baba," alisema Bi Namba, na mkuu wa idara alikuwa tayari mlangoni, anasikiliza. "Mimi ni mfanyakazi wa makumbusho. Baba yako ana akili zake timamu. Pete ya mama yako nilikuwa nimeivaa mimi."