Misumari Mahali pa Fyuzi

Watu wa gereji walimwita Mama Fyuzi, na jina lilishamkaa kama ndala ya zamani. Miaka ishirini na sita alikuwa akihangaika na waya za magari katika uwanja ule wa mafundi, chini ya bati lenye matundu, akisali kimoyomoyo kila anapounganisha betri. Kazi aliipata kwa baba yake, aliyemkalisha kwenye benchi alipomaliza darasa la saba akamwambia, "Shika testa, mwanangu, kalamu imekwisha."

Hata leo mteja mgeni akifika humpita wima, akawauliza wachomeleaji, "Fundi wa umeme yuko wapi?"

Yeye hujibu bisibisi ikiwa mdomoni, "Umeshampita, baba. Rudi nyuma hatua mbili."

Wiki ile alikuwa amemfungia Mwalimu kisanduku kipya cha fyuzi. Mwalimu alikuwa mstaafu, na gari lake la buluu, lenye taa za mviringo, aliachiwa na marehemu baba yake. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko mafundi wengi wa pale. Kisanduku cha zamani kilikuwa na fyuzi nne tu, nne zikibeba gari zima. Mama Fyuzi alipokifungua, alikuta mbili kati ya hizo si fyuzi hata kidogo. Ni vipande vya misumari! Plastiki ya pembeni imeyeyuka kama mshumaa. Akakitoa, akafunga kipya chenye nafasi kumi na mbili, kila kitu na fyuzi yake: honi yake, wipa yake, taa za breki zake. Siku tatu za kupiga magoti, shingo chini ya dashibodi.

Siku ya nne gari likarudi. Akashuka Mwalimu, mkewe, mjukuu wao wa miaka mitano, na kaka wa mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa sababu alijua kila kitu na hakuwahi kushika spana.

"Fyuzi ya taa za breki imeungua mara tatu tangu jana," Mwalimu akasema. "Tatu!"

"Basi kuna waya unapiga shoti huko nyuma. Si nilikuomba uniachie gari siku moja zaidi nifuatilie waya za nyuma? Ukasema una haraka."

"Waya gani!" Injinia akadakia, kwa sauti ya kufika hadi kwa wachomeleaji. "Kile cha zamani kimekaa miaka kumi bila kuunguza fyuzi hata moja! Kisanduku chako kibovu, mama. Ungebaki jikoni kwako, huko umeme ni kiberiti tu."

Wachomeleaji wakaangua kicheko. Mama Fyuzi alikuwa mpole hata kwa kuku wa jirani, lakini hapo damu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Miaka kumi haijaungua! Fyuzi huungua ili gari lisiungue; msumari utaunguaje? Nani aliyeiweka ile misumari?"

Injinia akatazama viatu vyake. "Ilikuwa ya muda tu."

"Ya muda! Na harufu ya kuungua humo ndani, hamkuisikia?"

"Gari likizeeka lina harufu yake, kama sisi wazee," Injinia akajibu.

Mwalimu akainua mkono. "Yaishe. Kesho tuna safari ndefu. Nirudishie cha zamani, na misumari yake. Tutaonana nikirudi."

Mama Fyuzi akajua amewekwa njia panda. Akikataa, kabla ya jioni uwanja mzima utasema ameshindwa na fyuzi moja. Akikubali, je, atasali kwa mikono gani?

"Siweki," akasema. "Mlinzi akikuamsha kukuambia kuna mwizi, unamkata ulimi ili upate usingizi? Waya ule unapita chini ya kiti cha nyuma. Mkisafiri nani analala pale?"

Mke wa Mwalimu akafungua mlango wa nyuma, akainama, akanusa kiti.

"Analala mjukuu wangu," akasema. "Na mimi nimekuwa nikikipulizia manukato kiti hiki. Kaka, king'oe."

"Mimi?"

"Si wewe Injinia?"

Kiti kikang'oka kwa kusukumwa na kuvutwa. Chini yake, palipokanyagwa na mguu wake wa chuma, waya ulikuwa mtupu urefu wa kidole, mweusi tititi, na godoro la kiti limeungua shimo la ukubwa wa sahani. Wachomeleaji waliosogea kuchungulia wakaacha kucheka.

"Huo moto ni wa zamani," Injinia akanong'ona.

"Ndiyo," akasema Mama Fyuzi. "Una miaka kumi."

Mwalimu akakohoa. Akamvuta mjukuu karibu na goti lake, akaomba, tafadhali, waya ubadilishwe, safari itangoja.

"Nitabadilisha. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kisanduku changu kibovu?"

"Si kibovu," Mwalimu akasema chini chini.

"Wale wachomeleaji wa kule mwisho hawajasikia. Matusi waliyasikia."

Mwalimu akamwangalia shemeji yake, kisha mkewe, ambaye hakumsaidia. Akageuka kuukabili uwanja, akajisafisha koo, na akasema tena kwamba kisanduku si kibovu, kwa sauti kubwa. Mama Fyuzi akangoja mpaka amalize. Ndipo akachukua koleo, akapiga magoti pale kilipokuwa kiti, akaanza kukata waya ulioungua.