Kisiwa Alichokichagua Kagoya

Ile siku naikumbuka, binti yangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Tulikuwa Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, kando ya barabara kuu, tunakunywa chai, na afande mmoja mstaafu akatuambia kwamba visiwa vya baharini vinaelea. Unalala mlango ukitazama Afrika, alisema, unaamka unatazama Bara Hindi. Nikaamini yote. Usinicheke bado. Sisi watu wa Jinja tumeona kwa macho yetu vipande vya mafunjo vikikatika ukingoni na kusafiri ziwani, ndege wakiwa juu yake, vingine vikubwa kama uwanja wa mpira. Kama ziwa letu linabeba mzigo ule, bahari itashindwa na Unguja? Tena nilikuwa nimemaliza shule ya usiku mwaka uleule, na mtu mwenye cheti kibichi hana muda wa kuuliza mara mbili.

Sasa nasikia unachagua kisiwa cha kwenda kupumzika peke yako, na wajomba zako wameshaanza kukohoa. Kabla hawajamaliza kukohoa, nikueleze nilivyomkosea shangazi yako Kagoya.

Kagoya, mdogo wangu, alikuwa mwalimu wa darasa la sita kule Walukuba, Jinja. Kwa miaka mingi ndiye aliyemuuguza mama yetu: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Mimi nilikuwa Mbale, karani katika duka la jumla, nikija mwisho wa mwezi na mkungu wa matoke na maneno mengi. Mama alipotutoka, na matanga yakaisha, Kagoya akatuambia ndugu wote kwamba anataka wiki moja Unguja, peke yake.

"Nataka kukaa mahali ambapo hakuna mtu ananiita," alisema.

Ndugu wakanigeukia mimi, msomi. Nikasimama. Nikaeleza jinsi visiwa vinavyoelea, jinsi mwanamke asiye na wa kumshika mkono anavyoweza kulala Unguja akaamkia Uarabuni bila pasipoti. Hata mawimbi niliyachora hewani kwa vidole. Kagoya alinitazama mpaka mwisho, kisha akasema basi, haendi. Nikajiona nimemwokoa. Nikamwambia aje kwangu Mbale apumzike, maana hewa ya Mlima Elgon inaponya hata viatu.

Alikuja. Nyumbani tulikuwa watu tisa. Ukituhesabu kwa njaa, arobaini. Wewe ulikuwa bado unatambaa. Siku ya kwanza alimsaidia mama yako kumenya matoke. Siku ya tatu alikuwa anamenya peke yake. Kila baada ya dakika mbili jina lake linaitwa: Kagoya, chumvi, shangazi, soksi, dada, hebu nipigie pasi shati hili. Na sauti iliyoita kuliko zote, mwanangu, ilikuwa yangu.

Siku ya tano akaingia Mama Akinyi, Mkenya aliyekuwa akituletea kanga dukani. Akamkuta Kagoya na ndoo mbili, mimi nimekaa na gazeti. Nikamsimulia kwa fahari nilivyomzuia dada yangu asipotee baharini. Mama Akinyi alitafuta kiti kwanza.

"Bwana karani," akasema, "hizo kanga unazopokea kila mwezi, unafikiri zinakuja zenyewe? Mimi ndio naendaga Unguja. Peke yangu. Miaka kumi. Umewahi niuliza hata siku moja?"

Sikuwahi. Mizigo yake nilikuwa nikiipokea kwa mikono yangu miwili, lakini akilini mwangu ile ilikuwa biashara tu, haikuwa safari. Habari za mwanamke peke yake kisiwani nilikuwa nimeziuliza kwa afande, kwa madereva wa mabasi na kwa kinyozi.

Mama Akinyi akanipa kisogo, akamgeukia Kagoya. Kagoya akaweka ndoo chini. Hakuuliza kama kuna hatari. Aliuliza boti inafika saa ngapi, funguo za nyumba ya wageni anakaa nazo nani, na mwanamke akila peke yake mezani watu wanamfanyaje. Mama Akinyi alimjibu bila kumficha: mjini vijana wa kutembeza wageni watamfuata mpaka achoke, awakatae mapema kwa salamu nzuri na uso mkavu. Kisha akamwambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo.

"Usichague ufuo kwa picha. Chagua ule ambao wanawake wa pale wenyewe wako nje asubuhi, na kazi zao. Wakiwa hapo, wewe kaa tu. Lakini ukiona mwanamke pekee ni yule wa kwenye tangazo, pita."

Ndiyo maana Kagoya akachagua kijiji cha upande wa mashariki, ambako kina mama hulima mwani maji yanapokupwa. Likizo iliyofuata akaenda. Nilimsindikiza hadi kwenye basi, nikatoa machozi ya kuendesha mitambo ya umeme ya Jinja siku mbili.

Aliporudi uso umetulia, nikamwomba radhi kwa kumtisha. Akanishika mkono.

"Kaka, kisiwa hakielei. Kimeshikana na ardhi huko chini, hayo ndiyo nafundisha darasani. Sikubaki kwa kuogopa kisiwa. Mama alikuwa ameondoka, na wewe ndiye uliyekuwa unaogopa kwamba na mimi nitaondoka."

Nikaenda kumchemshia chai kwa mikono yangu, na unajua hilo kwangu ni nadra.

Basi mwanangu, sisi tunaokupenda tutakuletea woga wetu na kuuita ushauri. Utusikilize, utushukuru, kisha ukamuulize mwanamke aliyekwenda akarudi. Panga ufike mchana. Jua nani ana funguo. Mtu mmoja tu ajue unalala wapi, na huyo mtu asiwe kinyozi. Ila usiahirishe safari yako ili sisi tulale vizuri. Huo ni mzigo wetu, tutaubeba.

Nenda na baraka za baba yako. Mwenyezi Mungu akupe bahari tulivu, wenyeji wenye utu na samaki watamu, akurudishe kwetu salama, umenenepa kidogo.