Mtoto wa Kwenye Kalenda

Picha ilipigwa Julai, tukiwa katikati ya kuvuna mahindi huku Masakta. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Arusha. Mbegu zilikuwa zimeacha kuja kwa ushirika, sasa zinakuja na kampuni, na kampuni zinakuja na magari meupe na vijana wenye kofia. Baba alipanda mbegu ya kampuni moja msimu mmoja tu, ikakubali, basi wakamwona mtu wa maana. Wakaomba kupiga picha shambani kwake. Baba akavaa koti la kanisani kwenye jua lile lote, kumbe hawakumtaka yeye. Walimtaka mama na mdogo wangu wa mwisho.

Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede. Mama alimshika kwa mkono mmoja, wa pili ukashika hindi lililomenywa, naye mtoto akalirukia mdomo wazi, anacheka na meno yake manne. Mpiga picha alifurahi mpaka akampa pipi. Sisi wengine tulisimama pembeni na wivu wetu.

Oktoba akafa. Homa ya siku tatu, zahanati haina dawa, na baba alipopata gari la kwenda hospitali Katesh mtoto alikuwa ameshalegea. Alifia njiani, mikononi mwa mama.

Tulipokwisha kumzika ndipo mama alipogundua kwamba hatuna picha yake hata moja. Mpiga picha wa mtaani alikuwepo Katesh kila siku ya mnada, na sisi kila mara tulisema tutampeleka mnada ujao.

Haya, Desemba kalenda zikaja. Gari jeupe lilizigawa bure kanisani, dukani, ofisi ya kijiji, nyumba kwa nyumba. Karatasi moja kubwa inayong'aa, mtoto wetu anacheka, na chini yake maandishi: "Familia yako ni familia yetu." Hapakuwa na bei wala jina la mbegu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba siku ile hawakuwa wanauza mbegu. Walikuwa wanatuuzia wao wenyewe, kwamba ni watu wazuri, watu wa kwetu. Na tulinunua. Baba mwenyewe, na msiba ule kichwani, alisema kampuni imemheshimu.

Mama aliitundika yetu juu ya kitanda. Majirani nao wakafanya jambo lao, kwa huruma kabisa. Kila nyumba aliyoingia mama kunywa chai, alikuta msumari mtupu ukutani. Walikuwa wakimwona anakuja wanaishusha kalenda yao, wanaificha chini ya godoro, ili asiumie. Hakuna aliyemweleza, na yeye hakuuliza. Siku moja alirudi, akakaa kwenye kigoda bila hata kuvua kitenge cha begani, akalia. Alisema watu wanamwonea aibu mtoto wake.

Mwaka ulipoisha kalenda zile zikafunika madaftari, kama kalenda zote. Darasani msichana wa dawati la mbele alikuwa na uso wa mdogo wangu kwenye daftari la hesabu, umekatwa nusu, jicho moja na shavu. Nilimpiga. Mwalimu akanichapa. Ya kwetu nayo ililiwa na moshi. Ajabu ni kwamba maandishi yalibaki meusi vilevile, uso ndio ukafifia. Hapo mama akaanza ombi lake. Alitaka picha ileile, safi, isiyo na maneno ya watu. Nilipokwenda sekondari aliniuliza kama nimewauliza watu wa kampuni. Nilipopata kazi Babati, ilipokwisha kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, akaniuliza tena. Hakuwahi kuniomba kitu kingine, si sukari, si blanketi.

Niliandika barua mbili, hazikujibiwa. Mwisho nikapanda basi nikaenda mwenyewe ofisini kwao Arusha. Dada wa kitengo cha matangazo, mpole kweli, alipekua makabati, kisha kompyuta. Picha yenyewe ilikuwa imepotea, walikuwa na kalenda tu. Halafu akachangamka. Kampuni, akaeleza, inatimiza miaka ishirini tangu ifike kwetu, na wanawatafuta watu wa picha za zamani.

"Huyu mtoto yuko wapi siku hizi?" akauliza. "Tungependa kumpiga picha tena, sasa ni mkubwa."

Nikamwambia alikufa kabla kalenda haijatoka. Alijiziba mdomo, akanipa pole, na machozi yalimlengalenga. Nikatoka nikijua yameishia hapo.

Miezi michache baadaye bango likasimama Katesh, barabarani. Upande mmoja mtoto wetu. Upande wa pili kijana mrefu mwenye shati la kampuni, ameshika hindi, anacheka. "Miaka ishirini, bado ni familia moja." Walikuwa wametafuta kijana wa watu wakamweka. Sikufichi, niliposhuka basi pale stendi niliongea peke yangu kwa hasira, abiria wakawa wananiangalia. Nilipanga kurudi Arusha kesho yake nikawatukane mmoja mmoja, hata yule dada na machozi yake. Lakini kwanza nikakimbilia nyumbani, mama asije akaliona.

Alikuwa ameshaliona. Alikuwa ameshakwenda kwa wakala wao kuomba karatasi yenye picha ya bango lile, na ilikuwa juu ya kitanda chake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Nikaanza kumwaga maneno: hawa ni waongo, huyu wamemlipa tu, siye mtoto wetu, kesho watalishusha bango lao wapende wasipende. Nikanyoosha mkono niibandue ile karatasi.

Akanishika mkono.

"Najua siye, mwanangu. Wangu najua alipolala," akasema. "Lakini miaka yote hii hakuna aliyenionyesha angekuwa na urefu gani. Mwache nimwangalie."

Nikakaa kitandani kando yake. Arusha sikwenda tena. Tulimwangalia yule kijana wa watu kwa muda mrefu, na mimi nami nikaanza kuona mabega yake ni kama ya baba. Nikajichukia, na nikaendelea kuangalia.