Bangili Iliyokataa Nyundo

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, mke wangu alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu ya Kibondo akiwa ameufunika mkono wa kushoto kwa kitenge. Alikuwa ametoka shambani Busunzu kupalilia maharage. Nyuki wa mzinga wa jirani walimchoma mara nne, zote nyuma ya kiganja.

Huku kwetu mtu kuchomwa na nyuki si habari. Alipofunua kitenge, nilichokitazama mimi ni bangili. Mkono ulikuwa umevimba juu yake na chini yake, na bangili imezama katikati kama kamba iliyofunga gunia. Vidole vilikuwa vimeanza kuwa na rangi ya zambarau.

"Tumia sabuni," alisema. "Ndiyo iliyoiingiza."

Tulitumia sabuni ya mche, kisha mawese. Haikusogea hata kidogo. Nilivibonyeza vidole vyake kimoja kimoja, na damu ilichukua muda mrefu kurudi. Nilihesabu hadi saba. Ndipo nilipoogopa.

Mimi ni fundi wa maabara ya shule ya sekondari. Nilipangiwa kazi huku kutoka mkoa mwingine, nikaoa huku. Habari za mawe nimejifundisha mwenyewe. Bangili ile niliinunua sokoni Kasulu miaka minne kabla ya siku hiyo, kwa mama mmoja Mkongo aliyekuwa na viatu vya mitumba kwenye turubai na bangili moja tu ya kijani pembeni. "Papa, iko ya kweli," aliniambia. "Nitakudanganya juu ya nini?"

Sikumwamini, nikanunua ili nipime. Niliipima kwenye mizani ya maabara, kwanza ikiwa kavu, kisha ikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Nilirudia mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile: uzito wake ni mara tatu kasoro kidogo ya uzito wa maji ya ujazo huo huo, kama vitabu vinavyosema kuhusu aina moja ya jade, jiwe la kijani la mapambo. Kioo kingekuwa chepesi zaidi. Kwenye lenzi sikuona viputo, kisu hakikuacha alama, na sindano ya moto haikutoa harufu ya plastiki. Kipimo kimoja tu sikukifanya. Vitabu vilisema jade hiyo ina nyuzinyuzi zilizosukana, kiasi kwamba nyundo huishinda kwa shida. Nani angeigonga mali yake kwa nyundo? Nikamvisha mke wangu, na haikutoka tena.

Hospitali tulifika saa tano kasorobo. Daktari, kijana mpole, alijaribu mkasi wa kukatia pete. Ukateleza. Akaleta msumeno wa kukatia plasta ya mifupa, nao uliacha mng'aro tu juu ya jiwe.

"Ni ya jiwe hii? Basi tunaivunja," akasema. "Nitafutieni nyundo."

"Daktari, haitavunjika."

"Umejuaje?"

"Nimeipima."

Akavibonyeza vidole vya mke wangu. "Mwalimu, damu haipiti. Tukifika saa saba hivi hivi, sitakuahidi vidole. Unaionea huruma bangili?"

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akainamisha uso. Niliona mke wangu naye ananitazama, na swali lile lile lilikuwa machoni mwake. Kila mtu chumbani mle aliamini kwamba nalinda mali yangu. Hapakuwa na maneno ya kuwatoa kwenye wazo hilo, kwa hiyo nyundo ilipoletwa niliichukua mimi.

Tuliulaza mkono kwenye ukingo wa meza ya chuma, bangili ikagusa chuma. Muuguzi alichomeka mpini wa kijiko kati ya jiwe na ngozi, mahali pekee palipopitika. Mke wangu akauma upindo wa kitenge. Miaka minne nilikuwa nimejivunia zile namba tatu zilizofanana. Sasa niliomba ziwe za uongo. Niliomba yule mama wa Kasulu awe ameniibia, iwe chupa iliyoyeyushwa, iwe chochote kile kinachovunjika.

Nikapiga. Nyundo iliruka na kunirudishia mtikisiko hadi kwenye kiwiko. Mke wangu alitoa sauti ndogo puani. Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi. Jiwe halikuwa na hata ufa.

"Acha," daktari alisema. "Utamvunja mfupa."

Saa sita kasoro dakika tano. Nje walikuwa wanajenga wodi mpya, na nilikuwa nimesikia grenda ikikata marumaru tangu tulipofika bila kuifikiria. Nilikimbia. Fundi wa marumaru alikuja na mashine yake begani, yenye diski ya chembe za almasi. Alipoona kitu anachotakiwa kukata, akaishusha chini.

"Mwalimu, mimi nimezoea kukata vitu visivyolia."

"Sitalia," mke wangu akamjibu. "Kata, kaka yangu. Ukikosea, utakuja kunipalilia maharage."

Nilimweleza fundi kwamba jiwe litapata moto na kumuunguza, hivyo lazima maji yatiririke bila kukatika. Daktari akatundika chupa ya dripu na kuelekeza mpira wake juu ya diski. Chini ya bangili tulisukuma kipande cha bati la kopo la nyanya. Mimi nilishika kiwiko. Fundi alikata kidogo, akainua, akakata kidogo, akainua. Uji mweupe ulitiririka hadi kwenye viatu vyangu. Bangili haifunguki kwa kukatwa mahali pamoja, hivyo ilibidi akate tena upande wa pili. Mara moja diski iligusa bati na kulia, nikahisi mwili mzima wa mke wangu unakakamaa mikononi mwangu.

Vipande viwili vilianguka sakafuni saa sita na dakika thelathini na tano.

Nikaviokota. Nilitazama mahali palipokatwa: rangi moja hadi ndani, hapana rangi ya kupaka, hapana gundi. Ndipo nikakumbuka kutazama mkono.

"Ni ya kweli?" aliniuliza. Alikuwa ameniona.

"Ni ya kweli."

"Basi njoo uvibonyeze na hivi."

Nilivibonyeza vidole vyote vitano. Damu ilirudi kabla sijahesabu mbili.

Mnunuzi wa madini wa Kasulu, ambaye mwaka uliotangulia aliiona bangili mkononi mwa mke wangu, akanipa bei ya laki saba nikamkatalia, aliviweka vile vipande kwenye mizani yake na kunihesabia elfu arobaini. Mke wangu alizipokea kwa mkono wa kushoto. Hasara ilikuwa shilingi laki sita na elfu sitini.