Kupalilia Rafu

Katika kazi yetu ya maktaba, kupalilia ni kuondoa kwenye rafu vitabu ambavyo watu wameacha kuazima. Unafungua jalada, unatazama kitabu kiliazimwa mara ya mwisho lini, kisha unakigonga muhuri mwekundu: KIMEONDOLEWA.

Nilikuwa mkutubi msaidizi wa mkataba katika chuo kimoja hapa Nakuru. Shahada ya uzamili niliyoisomea jioni na wikendi ilikuwa imekamilika, na nilitaka kitu kimoja tu: kuwa mkutubi kamili wa sehemu ya kilimo. Nafasi ilikuwa wazi tangu aliyeishika astaafu. Asubuhi moja mkutubi mkuu alinijia na kikombe chake cha chai.

"Palilia kilimo kwanza, madam. Ukimaliza tuongee mambo ya ile nafasi."

Nilimpigia mama, ambaye hulima viazi kule Dundori, nikamwambia kwa furaha kwamba nimepewa kazi ya kupalilia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ai, mami! Si ungebaki tu hapa? Jembe lako bado liko. Shule yote hiyo na bado unapalilia?"

"Ni vitabu, mama. Tunatoa vya zamani ndio vipya vipate mahali."

"Haya. Ukimaliza uniambie mmepanda nini."

Nikapalilia. Nilitoa vitabu vya magonjwa ya ng'ombe wa maziwa, vya udongo wa bonde, vya pareto, vyenye maandishi ya penseli pembeni, ya wanafunzi ambao leo labda ni babu za watu. Kila muhuri ulipotua, nilijiambia kwamba natayarisha shamba langu mwenyewe. Wanafunzi waliketi wakizipa rafu mgongo, simu mkononi. Swali lao lilikuwa lile lile.

"Madam, hii soketi iko na stima?"

Vitabu viliondoka ndani ya magunia ya viazi, yakinuka udongo wa nyumbani. Rafu zikabaki wazi kama mbavu. Nyuma yake ukuta ulikuwa na rangi mbichi ambayo jua halijawahi kuigusa.

Mkutubi mkuu alipita katikati ya rafu taratibu, akigusa mbao.

"Kazi safi. Hapa sasa wataweka meza na soketi."

"Na ile nafasi?"

Alizitazama rafu, hakunitazama mimi. "Ilikuwa ya sehemu ya kilimo, madam. Na unaona mwenyewe, sehemu haiko tena. Lakini uko na mkono mzuri wa hii kazi. Jumatatu anza historia."

Nilisimama pale baada ya yeye kuondoka. Niligundua kwamba bado nimeshika muhuri, na vidole vyangu vilikuwa vyekundu. Katika muda wote wa kupalilia, hakukuwa na kitabu kipya hata kimoja kilicholetwa, nami sikuwa nimejiuliza kwa nini.

Simu ikalia. Mama.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Na mmepanda nini?"

Mwanafunzi mmoja alikuwa amepiga magoti chini ya rafu tupu, akitafuta stima.

"Bado, mama."

"Ah. Mnangoja mvua?"

"Eeh," nikasema. "Tunangoja mvua."

"Basi ngojeni, mami. Huku imeanza jana."